Wametoka Wapi Waliokalia Viti Vyetu

Maneno haya niliyasema mbele ya wakuu wapya wa idara, siku ya pili ya semina yao elekezi. Baadhi yao waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikaongeza mahali pawili ambapo muda ulinibana.

Ndugu Mwenyekiti, maprofesa, madaktari, wakuu wapya wa idara: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi. Walionizidi umri, shikamooni.

Nimefanya kazi ya utawala katika vyuo vikuu vya umma kwa miaka 34. Nilianzia masjala, nikipanga majalada binafsi ya wafanyakazi, na nilistaafu nikiwa naandika mihtasari ya Seneti, baraza la taaluma la chuo, na ya kamati za uteuzi. Sijawahi kufundisha darasa hata moja. Lakini kila aliyeomba cheo katika vyuo nilivyotumikia, wasifu wake ulipita mikononi mwangu kabla ya kufika mezani pa wakubwa. Nimesoma wasifu wa watu mamia. Nimewaona wakiingia ofisini na majoho yao, na nimewaona wakitoka. Waandaaji waliponiita nizungumze juu ya uongozi wa taaluma niliwaambia sina nadharia. Ninachokijua ni watu walitoka wapi kabla ya kukalia viti, na yale waliyotoka nayo yaliwafanya nini walipokaa.

Kwanza tuelewane kwa majina, maana hata magazeti huyachanganya. Mkuu wa Chuo ni yule anayewatunuku shahada siku ya mahafali. Anayeamka na chuo na kulala nacho ni Makamu Mkuu wa Chuo. Chini yake wapo manaibu wake, wa taaluma na wa mipango, fedha na utawala, halafu marasi, yaani wakuu wa ndaki, vyuo vilivyo ndani ya chuo kikuu, kisha maamidi, yaani wakuu wa shule kuu, na mwisho ninyi. Nasema mwisho kwa jinsi chati inavyochorwa. Mwanafunzi anayepanga foleni kuulizia matokeo yake haijui chati hiyo, anaujua mlango wako.

Sasa niwarudishe mwaka 1970. Hadi mwaka huo Afrika Mashariki ilikuwa na chuo kikuu kimoja chenye ndaki tatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kilipovunjwa, kila nchi ikapata chuo chake na kila chuo kikahitaji Makamu Mkuu wake. Tazameni waliopewa. Nairobi ilipewa Josephat Karanja. Alikuwa na uzamivu wa historia, lakini alikuja kutoka London, alikokuwa balozi wa Kenya. Makerere ilipewa Frank Kalimuzo, mtumishi mwandamizi wa serikali ya Uganda aliyewahi kuwa katibu mkuu. Dar es Salaam ilipewa Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu wa Bunge na kisha Katibu Mtendaji wa TANU, chama tawala. Nchi tatu zilizokuwa zimeanza kutofautiana karibu kwa kila kitu, katika mwaka mmoja, zilifanya uamuzi mmoja: chuo kikuu tunampa mtu wa dola.

Mimi siwacheki wala siwahukumu. Nchi zilikuwa changa. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kabla ya kupanda Mlimani, kilipo hadi leo, mwaka 1964. Waafrika wenye uzamivu walikuwa wa kuhesabika. Mkuu wa kwanza wa ndaki ile, Cranford Pratt, alikuwa msomi wa siasa kutoka Kanada. Aliyempokea, Dakta Wilbert Chagula, alikuwa daktari wa binadamu aliyewahi kufundisha anatomia Makerere. Chini ya Chagula kilikuja kitivo cha tiba mwaka 1968, kikaja na cha kilimo kule Morogoro mwaka 1969. Kwa hiyo hatukukosa kabisa mtu wa taaluma. Tulikuwa naye, na alipoondoka serikali ikaamua kwamba chuo kipya cha taifa kinamhitaji mtu anayejua njia ya kwenda Ikulu.

Njia ya kwenda Ikulu ina faida zake. Mtu aliyekaa Bungeni anajua bajeti inavyopita. Anajua simu ipi ipigwe fedha zikichelewa. Msekwa alikiongoza chuo kwa miaka saba, na katika miaka hiyo chuo kilisimama. Lakini njia ile ina watu wanaopita pande zote mbili. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kulalamikia namna chuo kinavyoendeshwa. Jibu lililokuja lilikuwa Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Akivaga alikamatwa chuoni na kurudishwa kwao. Wahadhiri na wanafunzi walikuja juu kwa pamoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Hadithi ile nimeisikia kwa wazee wengi wa Mlimani, na kila anayesimulia huanza na bunduki. Mimi huanza na barua. Katika chama, katibu akipata barua ya namna hiyo anaisoma kama uasi, kwa sababu chama kina mstari na barua imeuvuka. Mtu aliyefundisha darasani miaka kumi angeweza kuisoma vingine. Amezoea kijana wa miaka 22 anayesimama katikati ya mhadhara na kusema, "Mwalimu, sikubaliani." Amezoea kukosolewa na mtu asiyejua nusu ya anayoyajua yeye, na wakati mwingine kijana huyo akawa ndiye mwenye haki. Mazoea hayo huyapati ofisi nyingine yoyote nchini. Hayapatikani jeshini, hayapatikani benki, hayapatikani chamani.

Kule Kampala bei ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1972 Frank Kalimuzo alichukuliwa na watu wa Idi Amin na hakuonekana tena. Alikuwa mtu wa serikali iliyopinduliwa, na kiti cha chuo hakikumkinga. Kila nikipita mbele ya picha za makamu wakuu zilizopangwa ukutani, katika chuo chochote, humkumbuka mtu huyu, aliyeuawa akiwa na cheo kile kile tunachokigombea kwa wasifu uliochapwa vizuri.

Turudi Dar es Salaam. Baada ya Msekwa alikuja Ibrahim Kaduma, mchumi, aliyetoka moja kwa moja kwenye uwaziri wa mambo ya nje mwaka 1977. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Hebu mjiweke katika kiti chake. Vijana wako wanaandamana dhidi ya meza uliyoondoka jana. Wanafunzi mamia walifukuzwa. Mwaka 1980 akaja Nicholas Kuhanga, aliyekuwa Waziri wa Elimu ya Taifa. Kwa hiyo kuanzia 1970 hadi 1988, miaka 18, kiti kile hakikukaliwa na mtu aliyepanda ngazi za chuo kikuu kutoka chini hadi juu.

Niseme pembeni jambo moja, kwa sababu linachekesha watu ambao hawakuishi miaka ile, na mimi halinichekeshi. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka kadhaa, kisha mwajiri na chama waandike kwamba anafaa. Yaani tulidai wasifu wa kazi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wazo lilikuwa kwamba mtu ambaye hajafanya kazi hajui anasomea nini. Lilileta shida nyingi na baadaye likalegezwa. Lakini swali lililokuwa ndani yake lilikuwa swali jema, na ninashangaa kwamba tuliwauliza watoto na hatukuwauliza wakubwa: umefanya nini kabla ya kuja hapa, na nani aliyefanya kazi nawe anaweza kukusemea?

Mwaka 1988 upepo uligeuka. Alikuja Profesa Geoffrey Mmari, mwalimu wa hisabati, mtu wa chuo kikuu hasa. Alikuwa tayari amekiongoza Chuo Kikuu cha Sokoine tangu kilipoanzishwa mwaka 1984, na baada ya Dar es Salaam akaenda kuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria. Vyuo vikuu vitatu vya umma, mtu mmoja. Nimewasikia watu wakisema ni bahati. Mimi nasema ni uzoefu uliokuwa ukihamishwa: aliyojifunza Morogoro aliyatumia Mlimani, ya Mlimani akaenda nayo kuanzisha chuo ambacho hakikuwa na bweni wala ukumbi wa mihadhara. Na hata yeye hakupona. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa miezi mingi kutokana na mgogoro kati ya wanafunzi na serikali. Mtu wa taaluma uongozini si hirizi.

Kisha mwaka 1991 akaja Profesa Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme aliyesomea uzamivu Columbia, New York. Hapa nakaa kidogo. Luhanga alikaa miaka 15. Alikipokea chuo kilichotoka kufungwa, majengo yakivuja, mishahara haitoshi, wahadhiri wakitafuta vibarua. Alichofanya kilikuwa kitu ambacho wanasiasa waliomtangulia hawakukifanya: alikaa na wenzake wakakipima chuo kama mtambo. Nini kinaingia, nini kinatoka, wapi kinavuja. Mpango wa mageuzi ulioanza miaka ya mwanzo ya 90 ulikuja na malengo yaliyoandikwa, na taarifa za kuyapima, na kila idara ikatakiwa iandike mpango wake. Wengi walinung'unika. Kituo cha kompyuta kikaanza kuuza huduma nje. Wanafunzi wa kujilipia wakaruhusiwa. Mwaka 2005 vyuo vishiriki vya elimu vya Mkwawa, kule Iringa, na Chang'ombe vikaanza kazi. Ukiyatazama yote, unaona mkono wa mtu ambaye kwa taaluma yake hawezi kulala na kitu kisichopimwa.

Sisemi wahandisi ndio wanafaa. Huko ndiko mazungumzo haya huishia siku zote: mhandisi anasema mhandisi, daktari anasema daktari. Majirani zetu wa Nairobi wamejaribu karibu kila fani. Baada ya balozi Karanja walipata Joseph Mungai, daktari wa binadamu na msomi wa anatomia. Kisha Philip Mbithi, mwanasosholojia, ambaye alitoka chuoni akaenda kuwa mkuu wa utumishi wa umma, safari ya Karanja iliyopinduliwa. Kisha Francis Gichaga, mhandisi wa ujenzi. Baadaye George Magoha, mpasuaji wa njia ya mkojo. Kisha madaktari wawili wa mifugo wakifuatana, Peter Mbithi na Stephen Kiama. Makerere tangu 2017 inaongozwa na msanifu majengo, Barnabas Nawangwe. Dar es Salaam baada ya mhandisi ilimpata Rwekaza Mukandala, msomi wa sayansi ya siasa, akaongoza hadi 2017. Alipoondoka akaja William Anangisye, msomi wa elimu. Maktaba kubwa mnayoiona pale Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilianza kujengwa wakati wa mmoja na kufunguliwa mwaka 2018 wakati wa mwingine.

Fani humpa mtu tabia, hilo nimeliona kwa macho. Madaktari waliowahi kufanya kazi wodini hukabidhi ofisi vizuri kuliko watu wote, kwa sababu wamezoea kutoka zamu na kumwambia anayeingia kitanda namba nne kina nini. Wanasheria husoma muhtasari hadi nukta ya mwisho, na mara nyingi walinirudishia wangu. Walimu hujua nani hayupo bila kuita majina. Lakini fani peke yake sijawahi kuiona ikimfanya mtu kiongozi. Ukisoma wasifu wa Magoha, kitu kinachonivutia hakiko kwenye upasuaji. Kiko kwenye ngazi: aliongoza idara, akawa amidi wa shule ya tiba, akawa mkuu wa ndaki ya sayansi za afya, akawa naibu, ndipo mwaka 2005 akawa Makamu Mkuu. Kila ngazi aliikanyaga. Unaweza kubishana na ukali wake, na wengi walibishana, lakini hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui ofisi ya chini inavyofanya kazi.

Na hapa niwataje akina mama, kwa sababu wasifu wao husomwa kwa miwani tofauti. Katika wale wanafunzi 14 wa mwaka 1961 alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye akawa Waziri wa Sheria. Penina Mlama alikuwa msomi wa sanaa za maonyesho, mwandishi wa tamthilia kwa Kiswahili, akapanda hadi kusimamia taaluma yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kenya mwanamke wa kwanza kuwa Makamu Mkuu wa chuo kikuu cha umma alikuwa Olive Mugenda, Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwaka 2006. Fani aliyoanzia ni sayansikimu. Mnajua watu husema nini juu ya sayansikimu: kupika na kushona. Ni fani ya kugawa kidogo kilichopo kwa wengi waliopo, na kuweka akiba. Mniambie ni ofisi gani ya chuo cha umma haihitaji elimu hiyo. Nimeketi kwenye kamati ambapo mwanamke aliyeongoza idara kwa miaka sita aliulizwa atawezaje kulea watoto na kuongoza, na mwanamume aliyemfuata, mwenye watoto wengi kumzidi, hakuulizwa. Niliandika maswali yote mawili kwenye muhtasari kama yalivyoulizwa. Niliambiwa niyaondoe. Sikuyaondoa.

Sasa nifike kwenye lililonileta.

Tumetoka zama za kupewa viongozi kutoka serikalini, tukaingia zama za kuwapata kutoka darasani. Ni hatua njema na nisingependa turudi nyuma. Lakini tumechukulia kwamba mtu akishakuwa profesa ameshakuwa kiongozi. Mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho. Kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa kamili, anahesabiwa makala, vitabu, wanafunzi wa uzamivu aliowasimamia. Hakuna mahali katika hesabu ile panapouliza kama amewahi kumwambia mwenzake aliyesoma naye kwamba mitihani haijasahihishwa na leo ni siku ya mwisho. Halafu siku moja barua inafika: umeteuliwa kuwa mkuu wa idara, na posho ya madaraka itakuwa kiasi fulani. Hakuna anayemkabidhi kitu. Anakuta kabati limefungwa na ufunguo haujulikani ulipo.

Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, palikuwa na mkuu wa idara aliyekuwa mkemia wa sifa. Alikuwa na makala nje, na wageni walikuja kumtafuta. Mwaka huo wahadhiri wawili katika idara yake hawakusahihisha. Mmoja alikuwa rafiki yake, mwingine alikuwa mwalimu wake wa zamani. Aliwaogopa wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Aliyaacha matokeo kwenye droo wiki saba akisubiri yajikamilishe. Seneti ilipokaa kupitisha majina ya wahitimu, wanafunzi zaidi ya arobaini hawakuwamo. Nilikuwa mezani nikiandika. Wazazi wao walikuwa tayari wamenunua ng'ombe, wengine wamekata tiketi za basi kutoka Kigoma na Mtwara. Mkemia yule alilia kikaoni, mtu mzima, mbele ya Seneti. Hakuwa mvivu wala mbaya. Hakuwahi kufundishwa kwamba kazi yake mpya ni kubisha hodi kwenye mlango wa mwalimu wake na kusema neno lisilopendeza.

Na palikuwa na mwingine, chuo kingine. Huyu kabla ya kuwa mhadhiri alikuwa bwana shamba. Alikaa vijijini miaka minane, akitembea kwa baiskeli, akishawishi watu wasiolazimika kumsikiliza. Alipokuwa mkuu wa idara alikuwa na kaunta buku, lile la jalada gumu. Kila siku aliandika humo. Masurufu ambayo hayajarejeshwa, na ya nani. Kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti, imebaki na kiasi gani. Mwanafunzi gani amemjia na shida gani, na amemwahidi nini, kwa tarehe ipi. Mhadhiri gani anauguza. Kila Ijumaa alasiri alipita milango ya wenzake na buku lile kwapani. Katika miaka yake minne idara ile haikuchelewesha matokeo hata mara moja, na mimi najua kwa sababu nilikuwa napokea.

Aliomba kuwa rasi wa ndaki. Nilikuwa katibu wa kamati. Aliulizwa machapisho yake, yakahesabiwa, yakaonekana machache kuliko ya mwenzake. Aliulizwa ruzuku za utafiti alizoleta. Aliulizwa dira yake kwa miaka mitano, akajibu kwa ufupi, na ufupi ukaonekana upungufu. Buku hakuna aliyeliuliza. Katibu wa kamati hana kura wala sauti, kazi yake ni kalamu. Nilikaa kimya kama kanuni inavyotaka, na kimya kile nimekibeba hadi leo. Aliyechaguliwa alikuwa mwanazuoni wa kweli, sina neno naye. Lakini kamati ilikuwa na watu wawili mbele yake, ikapima kitu kimoja tu, kile ambacho mmoja wao alikuwa nacho kwa wingi.

Ndiyo maana nawaambia kamati zetu ziulize mambo mengine. Muulizeni mwombaji: ulipoondoka kwenye kiti chako cha mwisho ulimkabidhi nani, na nini? Taja uamuzi ulioufanya ukakukosanisha na rafiki. Bajeti ya mwisho uliyoisimamia ilikuwa kiasi gani, na ilipopungua katikati ya mwaka ulikata wapi? Na msiishie kwa wadhamini aliowachagua mwenyewe. Mpigieni simu mhudumu wa ofisi yake ya zamani, mpigieni aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi wa idara. Watu wa chini humjua mtu kwa upande ambao wa juu hawaonyeshwi.

Najua hoja itakayokuja, kwa sababu nimeiandika kwenye mihtasari mara nyingi: chuo kikuu si kiwanda, kiongozi wa wasomi lazima awe msomi wanayemheshimu. Nakubali. Mtu ambaye hajaandika kitu hawezi kumwambia mwenzake kwamba maandishi yake hayatoshi, na hadithi ya 1971 inatuonyesha chuo kinapata nini kikiongozwa kwa mazoea ya mahali pengine. Usomi ni mlango. Lakini tumeufanya mlango kuwa nyumba nzima, tukalala kizingitini.

Na ninyi mna haki ya kudai pia. Mkuu wa idara anapoteza miaka ya utafiti wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wanavyowaona wenzenu walio nje ya ofisi. Dai upunguziwe vipindi, kwa maandishi. Dai miaka uliyoongoza ihesabiwe siku ya kupandishwa cheo. Dai mtu wa uhasibu akufundishe kusoma taarifa ya mapato na matumizi kabla ya robo ya kwanza kuisha, usione aibu. Profesa mmoja wa fizikia alikuja ofisini kwangu akafunga mlango, akaniambia, "Mama, hii kasma ni nini?" Tulikaa saa mbili. Hakuwahi kuniuliza tena, na hesabu zake hazikuwahi kurudi.

Nimeambiwa muda umekwisha, na chai iko tayari.

Kabla hamjatoka: pale mlangoni kuna sanduku. Nimenunua kaunta buku kwa idadi yenu, kila mmoja achukue moja. Ukurasa wa kwanza nimeupigia mistari: jina la idara, tarehe uliyopokea kiti, jina la aliyekukabidhi. Kama hakuna aliyekukabidhi, andika hivyo hivyo, "hakuna." Ukurasa wa mwisho nimeupigia mistari kama hiyo, na huo mwache wazi kwa sasa. Ni wa mtu atakayekuja baada yako.

Asanteni sana.